Kitako cha bunduki si mzigo wa kubebeshana

Wafanyabiashara wa mpakani wana desturi ya kusaidiana mizigo. Anayevuka Namanga asubuhi na marobota yake ya nguo hupewa na mwenzake boksi la vipuri au bahasha ya nyaraka ya kufikisha Arusha, na jioni hurudi na kifurushi cha mtu mwingine. Ndivyo ilivyo Sirari, Holili, Horohoro na Mutukula. Desturi hiyo imejenga uaminifu ambao hauuzwi dukani, na imewaokoa wengi siku ambazo mtaji ulikuwa mdogo na nauli kubwa. Lakini upo mzigo mmoja ambao haufai kuingizwa katika desturi hiyo hata kama anayeuomba ni ndugu: sehemu za bunduki, na hasa kitako na darubini yake.

Kwa macho, vitu hivi havitishi. Kitako ni kipande cha mbao au cha plastiki ngumu, kile kinachokaa begani mwa mpigaji. Darubini ni bomba lenye vioo. Hakuna mtutu, hakuna risasi, hakuna kinacholipuka. Ndiyo maana mtu anaweza kumwambia mama mwenye duka la vitenge, bila aibu yoyote, "Dada, nifikishie tu hiki, kuna kijana atakupokea stendi." Dada akipima kwa mkono, anaona ni kilo moja na nusu. Anapokea.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikuwa wakimsema anayedharau uzito wa tabu ya mwingine. Mpakani methali hiyo ina maana nyingine pia: mzigo wa mwenzio huonekana mwepesi mpaka siku unapofunguliwa mezani mbele ya ofisa wa Forodha.

Ni vizuri kueleza kwanza kwa nini vitu hivi vinatafutwa, maana si kila anayevitaka ni mhalifu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania iliusimamisha mwaka 1973 na kuurudisha mwaka 1978, na mpaka leo una vitalu vyake, leseni zake na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori inayousimamia. Kwa hiyo upande mmoja wa mpaka kuna kampuni za uwindaji na wawindaji wenye leseni, na upande wa pili kuna Nairobi na Mombasa, miji ambayo bidhaa nyingi za eneo hili hupitia. Mahitaji yako huku, barabara inatokea kule. Biashara huzaliwa katika hali kama hiyo.

Bunduki ya kuwindia nyati au simba si kitu cha kubadilishwa kila mwaka. Kwa wanyama hao wakali kanuni za Tanzania zinataka bunduki ya risasi nene, kuanzia ukubwa wa .375. Chuma chake kikitunzwa kinaweza kumtumikia baba na mwana. Mbao ndiyo inayochoka mapema. Inanyonya unyevu wakati wa masika na kuvimba, inakauka kiangazi na kusinyaa, na teke la risasi nene huipasua pale penye shingo nyembamba, nyuma ya kifyatulio. Mwenye bunduki hapo hutafuta kitako mbadala, yaani kisichotoka kwa kiwanda kilichotengeneza bunduki yenyewe, bali kwa kampuni nyingine inayotengeneza vitako vya nyuzi za kioo au vya mbao zilizogandishwa kwa tabaka. Kwa kuwa ameingia gharama, huona ni bora aongeze na darubini.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapofanyika, na halihusu sheria bado. Wengi hudhani kitako kipya ni kama mpini wa jembe: unang'oa wa zamani, unachomeka mpya, unakwenda shambani. Sivyo. Bunduki yenye darubini ni mtambo wa vipande vinavyotegemeana, na kitako ndicho kiti kinachovikalia.

Fundi wa silaha anayeijua kazi yake huanza kwa kuhakikisha bunduki haina risasi. Kisha huangalia kama bodi ya chuma inakaa kwenye kitako bila kuyumba. Chini ya bodi hiyo kuna jino nene la chuma linalopokea teke la risasi na kulipeleka kwenye kitako. Jino hilo lisipokaa sawasawa, bodi husogea kidogo kila risasi inapotoka, na risasi ya tatu haiendi ilikokwenda ya kwanza. Kwa hiyo fundi hujaza nafasi kwa gundi ngumu ya epoksi, baada ya kupaka chuma nta ili kisigande humo, na kuiacha ikauke mpaka kitako kichukue umbo kamili la chuma.

Baada ya hapo huangalia mtutu. Katika bunduki nyingi za kisasa mtutu hautakiwi kugusa kitako kwa mbele. Fundi huchukua kipande cha karatasi, hukipitisha kati ya mtutu na kitako na kukivuta kuelekea nyuma. Karatasi ikikwama, mbao inaugusa mtutu, na mtutu ukipata moto utasukumwa pembeni. Huparua mbao mpaka karatasi ipite bila kukwama.

Halafu zinakuja skrubu. Zile zinazoshika bodi kwenye kitako na zile ndogo za pete za darubini hazikazwi kwa kukisia nguvu ya mkono. Kila mtengenezaji hutoa kipimo chake, na fundi hutumia spana yenye kipimo. Za bodi kwa kawaida huhitaji nguvu ya takriban Nm 5 hadi 7. Za pete za darubini ni karibu Nm 2 tu. Anayezikaza za pete kwa nguvu zake zote huminya bomba la darubini na kuharibu mitambo ya ndani. Anayezilegeza hupata darubini inayoteleza mbele kila bunduki inapopigwa.

Darubini yenyewe ina masharti yake. Jicho la mpigaji linatakiwa kuwa umbali wa takriban sentimita 9 kutoka kioo cha nyuma. Likisogea karibu zaidi, teke la bunduki ya .375 huirudisha darubini usoni na kuacha kovu la umbo la hilali juu ya nyusi, alama ambayo wawindaji huitambua na kuichekea. Na kwa kuwa darubini hukaa juu zaidi kuliko vilengeo vya chuma, shavu nalo linahitaji mahali pa juu zaidi pa kuegemea. Kitako cha zamani kilichochongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma hulining'iniza shavu hewani. Mpigaji hulitafuta shimo la kuonea badala ya kumtazama mnyama. Kwa hiyo urefu wa kitako na kimo cha sehemu ya shavu hupimwa kwa mwili wa mwenye bunduki, kama fundi cherehani anavyopima koti.

Mwisho ni uwanja wa shabaha. Hupigwa kwanza karibu, mita 25 hivi, kuona risasi inaangukia wapi. Kisha mita 100, risasi tatu tatu, huku vitufe vya darubini vikizungushwa. Katika darubini nyingi mlio mmoja wa kitufe huisogeza risasi takriban milimita 7 kwa umbali huo. Katika nyingine ni sentimita 1. Siku ya pili skrubu hukaguliwa tena. Kampuni za uwindaji zinazojiheshimu humtaka mgeni apige shabaha kambini kabla hajaingia porini, hata kama bunduki yake ilipimwa vizuri kwao Ulaya au Marekani, kwa sababu safari ya ndege na ya gari huweza kulegeza kilichokazwa.

Maelezo haya yote yana sababu. Risasi iliyopotoka sentimita 15 huacha moyo na kuingia tumboni. Nyati aliyejeruhiwa tumboni hafi hapo. Huingia kichakani na kungoja. Anayetangulia kumfuata si mgeni aliyelipia safari. Ni mfuata nyayo, kijana wa kijiji cha jirani, anayetembea mbele akiangalia damu kwenye majani. Kitako kilichofungwa kiholela kinaweza kumgharimu yeye.

Ndiyo maana hoja ya kwamba "ni biashara ndogo tu, inamsaidia mtu" haina nguvu. Thamani ya kitako mbadala haimo ndani ya boksi. Imo kwa fundi mwenye leseni, gundi yake, spana yake na uwanja wa shabaha. Anayekivusha kinyemela hawezi kukipeleka kwa fundi huyo bila kuulizwa kimetoka wapi. Kwa hiyo kitafungwa uani kwa bisibisi ya kawaida. Na darubini ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ndogo ya .22, ikifungwa juu ya .375, vioo vyake hulegea ndani baada ya risasi chache. Mnunuzi atarudi kudai fedha zake, na mbebaji hana risiti.

Sasa sheria. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi, hata wazoefu, wanapoweza kuingia mtegoni bila kujua, kwa sababu vitu hivi viwili havimo katika mlango mmoja wa forodha.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia mpangilio wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Silaha na risasi zimo katika Sura ya 93. Ndani ya sura hiyo kifungu 9305 ni cha sehemu na vifaa vya silaha, na kitako cha bunduki kimo humo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Pili, imeziweka silaha na risasi za Sura ya 93 kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti. Maana yake haziingii ila kwa kibali. Kwa hiyo "kipande cha mbao" kikifika kaunta huacha kuwa mbao. Ni bidhaa ya Sura ya 93.

Darubini ina mkanganyiko zaidi. Ikiwa peke yake ndani ya boksi lake, haimo katika Sura ya 93. Imo katika Sura ya 90, pamoja na vifaa vya vioo, kifungu 9013. Lakini ikiwa imefungwa juu ya bunduki, au imeletwa pamoja na bunduki inayokusudiwa kufungwa juu yake, huhesabiwa pamoja na silaha. Kifaa kile kile, siku ile ile, sura mbili tofauti. Na Kiswahili chenyewe huongeza utata: darubini za watalii za kutazamia ndege nazo huitwa darubini, na zina kifungu chao, 9005. Mfanyabiashara akiandika "darubini 1" kwenye hati, anaweza kuwa amesema kweli kwa lugha na bado amekosea kwa forodha.

Tena, kuwa nje ya Sura ya 93 hakuifanyi darubini ya bunduki kuwa bidhaa huru. Huko Marekani, ambako nyingi hutengenezwa au kuuzwa, imo katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa kusafirishwa nje. Aliyeinunua huko na kuipenyeza kwenye mzigo wa nguo za mtumba anaweza kuwa amevunja sheria ya nchi ya kwanza kabla hajafika ya pili.

Juu ya forodha ziko sheria za silaha za kila nchi, na hazifanani. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo katika maana ya silaha huingiza pia kiungo cha silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uganda ina sheria yake ya mwaka 1970. Umoja wa Mataifa nao, katika itifaki yake ya silaha ya mwaka 2001, unazitaja kama sehemu za silaha zile ambazo bunduki haiwezi kufanya kazi bila hizo, kama vile mtutu, bodi na komeo, pamoja na kizuia sauti. Kwa kipimo hicho kitako na darubini vinaweza kubaki nje. Mwanasheria anaweza kujenga utetezi mzuri hapo. Lakini utetezi hujengwa mahakamani, na aliyekamatwa hufika mahakamani akiwa tayari amelala mahabusu, mzigo wake wa nguo umezuiwa na wateja wake wamekwenda kwa mwingine. Swali la kama kitako ni kiungo cha silaha au si kiungo halijibiwi na mbebaji.

Adhabu yenyewe si ya mzaha. Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya, kuingiza bidhaa yenye masharti kinyume cha masharti hayo ni kosa la kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Hapo hazijaguswa sheria za silaha za nchi husika.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo unafungua mlango huu. Utaratibu huo, wenye ukomo wa dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mahindi, maharage, mikeka na sabuni za kwetu zinafaidika. Kitako kilichotengenezwa Marekani au China hakina uasili wa Afrika Mashariki, hata kama bei yake haifiki dola 200. Na hata bidhaa yenye uasili wa Jumuiya haiondolewi sharti la kibali kwa sababu ni ndogo.

Hata hivyo lawama zote haziwezi kumwangukia mfanyabiashara. Serikali zilisaini Itifaki ya Nairobi ya udhibiti wa silaha ndogo tarehe 21 Aprili 2004, na zina kituo chao cha pamoja cha kuisimamia, RECSA, mjini Nairobi. Itifaki hiyo inataka kila silaha iwekewe alama na namba, na inapoingizwa nchini iwekewe alama ya nchi na mwaka wa kuingizwa. Hilo ni jambo jema. Lakini alama hizo hupigwa kwenye chuma, wala darubini na kitako havihusiki nazo. Bunduki ikibadilishwa kitako, namba yake inabaki ile ile na sura yake inakuwa nyingine kabisa. Eneo zima limeweka nguvu kwenye chuma na kuacha vifaa vinavyozunguka chuma hicho katika giza, vikitazamwa kwa jicho moja Namanga na kwa jicho jingine Mutukula.

Wapo wanaosema ukali ukizidi, mizigo itahamia njia za panya. Hoja hiyo ina ukweli kwa unga na sukari, ambavyo kila nyumba inavihitaji na kila mtu anaweza kuvibeba. Kwa vifaa vya bunduki haishiki. Wanunuzi halali ni wachache, wanajulikana kwa majina na leseni zao, na serikali inazo namba za bunduki zao. Kundi dogo kama hilo linaweza kuhudumiwa kwa njia iliyo wazi kwa gharama ndogo. Kinachokosekana ni uwazi wa njia hiyo.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja mkutano wa marais. La kwanza, kila kituo cha huduma za pamoja mpakani kibandike orodha fupi ya Kiswahili inayotaja kwa majina ya kawaida vifaa vya bunduki vinavyohitaji kibali: kitako, darubini ya bunduki, pete zake, mtutu, komeo, kizuia sauti. Mfanyabiashara anayeuza vitenge hawezi kutarajiwa kujua maelezo ya Sura ya 93, lakini anaweza kusoma ubao. La pili, kibali cha mwenye leseni kionyeshe namba ya bunduki ambayo kifaa kinakwenda kufungwa, ili kitako kisicho na namba kisafiri kwa namba ya bunduki yake. La tatu, nchi zikubaliane neno moja na maana moja ya kiungo cha silaha, ili kinachoruhusiwa Isebania kisiwe kosa Sirari, hatua chache mbele.

Kwa upande wa wafanyabiashara, kanuni ni rahisi zaidi. Kifurushi cha mtu kifunguliwe kabla ya kupokelewa, mbele ya mwenyewe. Kikiwa na kifaa cha bunduki, kirudishwe hapo hapo, na mwenye nacho aelekezwe kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, ambaye ndiye mwenye haki na wajibu wa kukiagiza. Asiyetaka kifurushi chake kifunguliwe amekwisha kujibu swali. Wala si ukosefu wa heshima kumwambia, "Kaka, hiki sikibebi." Heshima ya mpakani imejengwa na watu wanaofikisha mizigo salama, na mtu hafikishi mzigo wa mwingine akiwa yeye mwenyewe ameshikiliwa kituoni.

Mwenye bunduki halali hapotezi kitu kwa kufuata njia hii. Atasubiri wiki kadhaa zaidi, atalipa ushuru, na kitako chake kitafungwa na fundi anayejua kupitisha karatasi chini ya mtutu. Mfuata nyayo wake atarudi nyumbani jioni. Na dada wa vitenge atavuka Namanga kesho kama alivyovuka leo, mzigo wake ukiwa wake.